Gitaa la klasiki: G ya chini inavuma na nyuzi za besi zinalia kwenye rekodi. Tatizo ni maiki?

Uzi_wa_Sita

Wakuu, habarini. Natayarisha albamu fupi ya gitaa la klasiki: Prelude namba 1 ya Villa-Lobos, Recuerdos de la Alhambra ya Tárrega, zoezi moja la Sor na waltz moja ya Barrios. Chumba ni mita 3.5 kwa 3, dari ya zege. Maiki ni kondensa moja ya kadioidi (inayochukua zaidi sauti ya mbele yake), iko sentimita 20 mbele ya tundu la gitaa. G ya chini (uzi wa 6, freti ya 3) inavuma kuliko noti zote. Nikipunguza besi kwa ikwalaiza, gitaa zima linakuwa jembamba. Halafu kwenye Villa-Lobos, mkono wa kushoto kila ukihama nyuzi zinalia mwiii. Maiki ya bei kubwa zaidi itaondoa haya?

Mwerezi

Mkuu, weka hela yako mfukoni, chukua futi ya kupimia. G hiyo ni herzi 98 (mitetemo 98 kwa sekunde), na hapo kuna vitu vitatu vinavyosukumana kwa pamoja.

Hewa iliyo ndani ya kasha, yaani mwili wa gitaa, hutoka na kuingia kupitia tundu, na kwa magitaa mengi huitikia zaidi kati ya herzi 90 na 110. Wewe umeiweka maiki mdomoni kabisa. Kisha kadioidi yoyote huongeza besi kadiri inavyosogea karibu na chombo, na sentimita 20 ni karibu mno. La tatu ni chumba, na hili watu wengi hawalipimi. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa 7, yaani mara mbili ya urefu wa chumba chako, unapata 49, herzi ya kwanza ambayo urefu huo huikuza. Inayofuata ni mara mbili yake, 98. Chumba chenyewe kinaimba G.

Mvumo huo una nguvu kwenye kuta mbili za mwisho na katikati kabisa ya chumba, na hufifia kwenye robo ya urefu. Kwa hiyo usikae katikati. Pima sentimita 88 kutoka ukuta mfupi, gitaa na maiki vyote viwe kwenye mstari huo, ukitazama ukuta mrefu. Maiki iwe sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye gitaa, ielekee pale shingo inapoungana na kasha, karibu na freti ya 12, kamwe isielekee tunduni. Isogeze sentimita tano tano na urekodi kila mara, utashangaa tofauti.

Blanketi na sponji nyembamba ukutani hunyonya sauti za juu tu. Chumba kitakuwa kimefubaa na G itabaki palepale. Godoro nene nyuma ya maiki linafaa kwa mwangwi wa karibu, lakini lisikupe matumaini kuhusu herzi 98.

Ili kujua kosa ni la chumba au la gitaa, toka nje, piga F, F kali, G, G kali na A kwa nguvu ileile. G ikiendelea kuruka juu hata uwanjani, ni kasha, na dawa ni pembe ya maiki. Ikwalaiza ije mwisho: kata mahali pembamba pa herzi 98, desibeli 2 au 3 tu.

Kucha_na_Msasa

Kuhusu kulia kwa nyuzi: wimbo wa Prelude ile uko kwenye nyuzi za besi, ambazo zimezungushiwa waya, kwa hiyo kila kidole kinachoburuzwa kitasikika. Nyanyua kidole wima kwanza, ndipo uhame. Pale ambapo mtelezo ni sehemu ya muziki, telezea upande wa nyama ya kidole badala ya ncha iliyokomaa. Zipo pia seti za besi zilizosuguliwa laini kwa ajili ya kurekodi. Mng'ao hupungua kidogo. Nyuzi mpya kabisa ndizo zinazolia zaidi, tena hazikai kwenye tuni, basi zifunge siku tatu au nne kabla. Usipake mafuta, yanaua sauti.

Na ukucha: usiuguse kwa msasa katikati ya kurekodi kipande kimoja! Hata msasa laini wa 2000 hubadilisha rangi ya sauti, na ukija kuunganisha vipande, kiungo kitasikika. Kwa sababu hiyohiyo, weka alama ya tepu chini ya miguu ya kiti na ya stendi.

Segovia, mpiga gitaa wa Uhispania, aliporekodi London mwaka 1927, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika tatu au nne, hakuna kukata wala kuunga. Wewe unaweza. Piga wimbo mzima mara mbili au tatu, kisha rudia pale palipoharibika ukianzia baa mbili nyuma, ili mlio wa noti zilizotangulia uendelee vilevile. Kata kabla tu ya ukucha kugonga uzi, unganisha kwa milisekunde 10 hivi. Angalia tuni kila mara. Nailoni hubadilika na joto la chumba.

Haki_na_Noti

Jambo moja ambalo hukuuliza. Sor alifariki 1839, Tárrega 1909, Barrios 1944: kazi zao ni huru hata Ulaya, ambako haki za kunakili hudumu miaka 70 baada ya kifo. Villa-Lobos alifariki 1959, kwa hiyo Ulaya bado analindwa hadi mwisho wa 2029. Mweleze msambazaji wako kabla ya kupakia. Pia angalia nota unazotumia: mpangilio wa mhariri wa sasa una haki zake mwenyewe.

Uzi_wa_Sita

Shukrani sana. Nimehamia kwenye robo ya chumba, maiki sentimita 70, G imetulia. Ila sasa tremolo (noti moja ikirudiwa haraka haraka) ya Recuerdos inapokuwa ya sauti ndogo nasikia "shhh" na mngurumo mdogo nyuma yake.

Mwerezi

Umeiweka maiki mbali, ukapandisha kiwango cha kuingiza, kelele nayo ikapanda. Vilele vya sauti vikifika desibeli -12 kwenye rekodi ya biti 24 inatosha, usipandishe zaidi. Zima feni na friji. Kompyuta ichomolewe chaja: mngurumo wa herzi 50 na 100 mara nyingi hutoka huko. "Shhh" ikibaki, soma karatasi ya vipimo vya maiki. Kelele yake yenyewe ikizidi desibeli 15 hivi, basi hapo ndipo maiki nyingine ina sababu.