Mrejesho: Treni ya Ferrara na chakula kisicho na nguruwe

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuzuru miji iliyo jirani na Bologna, Italia, ninakosoma, kwa gharama ndogo na bila kula nguruwe. Nilifuata ushauri wa kupanda treni ya mkoa, ambayo nauli yake haipandi hata ukikata tiketi siku ileile, nikafika Ferrara chini ya saa moja. Jumamosi nilishindwa, kwa kuwa nilifika alasiri na jiko la mgahawa lilikuwa limefungwa hadi jioni. Jumapili niliwahi, nikaagiza cappellacci di zucca, yaani tambi zilizojazwa boga, kwa siagi badala ya mchuzi wa nyama, na utamu wake ukanikumbusha futari ya nyumbani. Ahsanteni sana, hasa dada aliyenitahadharisha kwamba tortellini, aina nyingine ya tambi, hujazwa nguruwe.