Mashine ya espreso ya nyumbani: Gaggia Classic, Bambino Plus, Dedica au ya mkono?

BuniMbozi
Habari wakuu. Naomba tuziweke mezani mashine nne: De'Longhi Dedica, Sage Bambino Plus, Gaggia Classic toleo la E24, na Cafelat Robot ile ya kukandamiza kwa mikono. Watumiaji ni wawili. Asubuhi kila mmoja anataka ya maziwa, jioni espreso tupu. Nyumba iko Dar, maji ya kisima. Kahawa ni arabika ya Mbozi, imekaangwa wastani. Hela iliyopo inafika Gaggia mpya, ila ikinunuliwa hiyo, kisagio kinabaki bila fungu. Kuna ndugu anarudi kutoka Marekani na huko anasema Gaggia ni nafuu. Swali la mwisho: Dedica imeandikwa bar 15, Gaggia inasifiwa kwa bar 9. Hiyo 15 si ndiyo yenye nguvu zaidi?

mvuke58
Mkuu, bar 15 ni uwezo wa juu kabisa wa pampu pale maji yasipopata pa kutokea. Karibu mashine zote za bei hizi zinatumia pampu ya mtetemo ya aina moja, na zote zinaweza kufika huko. Espreso inataka bar 9 hivi kwenye kahawa yenyewe. Ndani ya Gaggia kuna vali ya springi inayorudisha maji ya ziada kwenye tangi shinikizo likizidi. Matoleo ya zamani springi yake ilikuwa ngumu mno, watu wakawa wanaibadilisha. E24 ya Ulaya inatoka kiwandani na ya bar 9. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi isikusumbue.

Kinachonisumbua mimi ni hilo la kisagio kukosa fungu. Geuza hesabu: tenga kwanza hela ya kisagio, kitakachobaki ndicho cha mashine. Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 za unga, gramu 36 kwenye kikombe, sekunde 25 hadi 30. Kinachoyazuia maji yasipite kwa sekunde 10 ni ulaini wa unga na usawa wa chembe zake. Kisagio cha visu vinavyozunguka (kile cha viungo) kinatoa vumbi na vipande kwa pamoja. Maji yanatafuta penye vipande, yanatoboa njia, na kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Hapo hata uwe na mashine ya hoteli, hali ni ile ile.

Kwa hela ndogo chukua cha mkono chenye meno ya chuma. Kingrinder K6 inasogea mikroni 16 kila mbofyo, na pete ya kurekebishia iko nje. 1Zpresso J-Ultra inasogea mikroni 8, hivyo unaweza kuipata sekunde unayoitaka bila kuruka juu yake. K6 inatosha, ila mara nyingine utajikuta kati ya mibofyo miwili: mmoja sekunde 22, unaofuata 33. Hapo ongeza au punguza nusu gramu ya kahawa badala ya kugusa pete.

jiko_dogo
Naitetea Dedica kidogo kabla haijazikwa. Upana wake ni sentimita 15 tu, inapasha haraka, na ni rahisi kuliko zote hapo juu ukiacha za mkono. Kichujio inachokuja nacho kina kuta mbili na tundu moja dogo chini. Tundu hilo ndilo linalotengeneza shinikizo, si kahawa. Ndiyo maana inakubali hata unga wa dukani uliosagwa tayari, na ndiyo maana povu lake ni jingi lakini halina ladha ndani. Nunua kichujio cha milimita 51 cha ukuta mmoja, weka gramu 14, pata gramu 28. Kwa mtu ambaye kila kikombe anatia maziwa, tofauti na Gaggia ni ndogo kuliko wapenzi wa Gaggia wanavyokubali.

mvuke58
Kwa maziwa nakubali. Lakini BuniMbozi jioni anataka tupu, na hapo joto la Dedica kuyumba litaonekana. Kingine: Gaggia na Bambino Plus zina vali ya solenoidi inayoachia shinikizo ukizima pampu, tope linabaki kavu, na unaweza kusafisha kwa kurudisha maji nyuma. Dedica haisafishwi hivyo, mafuta ya kahawa yanabaki humo humo.

StimaNaWaya
Niko upande wa Kenya, nijibu la Marekani kwa sababu hapo ndipo watu huchoma vitu. Mashine ya huko ni ya volti 120, hezi 60. Ukiichomeka kwenye 240 ya kwetu, volti zimekuwa mara mbili, na nguvu ya kipasha joto inakua mara nne: wati 1,400 zinataka kuwa 5,600. Kipasha joto kinakatika au fyuzi ya joto inalipuka, na hiyo ndiyo bahati nzuri.

Transfoma ya kushusha inawezekana, lakini iwe ya VA 2,000 za kufanya kazi mfululizo, si zile ndogo za redio. Ni nzito, inavuma, na bei yake inakula unafuu wote. Bado tatizo la hezi liko pale pale: pampu ya mtetemo inapiga kwa kufuata hezi za stima. Iliyotengenezewa 60 ukiiendesha kwa 50 inasukuma maji kidogo. Mwambie ndugu yako alete kisagio cha mkono kutoka huko, hicho hakina waya.

Mashine iagize Uingereza au Dubai. Plagi zao ni za pini tatu bapa kama zetu, volti zinakubaliana. Ya Ujerumani au Italia volti ni sawa, ila plagi ni ya pini mbili za duara. Ikate, funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13, na waya wa kijani na njano uende kwenye ethi. Usitumie adapta nyepesi ya safari isiyo na ethi. Hicho ni chombo cha maji na chuma.

Umeme ukishuka kutoka 240 hadi 200, kipasha joto kinabaki na kama asilimia 70 ya nguvu yake. Gaggia itachelewa tu kuwasha taa. Bambino Plus ina ubao wa elektroniki unaosimamia kila kitu, nayo naiwekea kilinda volti bila mjadala. Inveta ndogo ya kVA 1 isahau kwa zote mbili, zinavuta kati ya wati 1,300 na 1,600 zikipasha.

BuniMbozi
Ahsante sana mkuu, ya Marekani nimeifuta. Sasa Robot: kwa kuwa haina umeme wala pampu, si inamaliza matatizo yote hayo?

NgongRoadBuni
Inamaliza ya umeme, inaleta ya joto. Mashine ya mkono inategemea maji ya birika, na birika haliwezi kuvuka nyuzi ambazo maji yanachemkia hapo ulipo. Nairobi, mita kama 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi 94 hivi. Mbeya haiko mbali na hapo. Ukimimina yanapoteza nyuzi kadhaa kabla hayajafika kwenye kahawa. Kwa kahawa iliyokaangwa sana hilo ni zuri, kwa SL28 (aina ya arabika) ya Nyeri iliyokaangwa kidogo unapata uchachu wa ndimu na mwili mwembamba. Dar uko usawa wa bahari, birika linafika 100, huna tatizo hilo.

Robot yenyewe: kichujio chake ndicho chemba ya maji, kwa hiyo chuma cha kunyonya joto ni kidogo, na kwa kaango la wastani haihitaji kupashwa kabla. Flair za kawaida, mashine nyingine za mkono, zina silinda ya pembeni inayotakiwa kupashwa kwa maji ya moto kila kikombe, na kwa watu wawili asubuhi hilo linachosha. Chukua Robot yenye geji. Shusha mikono taratibu, bar 2 kwa sekunde 8 mpaka matone ya kwanza yaonekane, kisha panda hadi 7 au 8, mwishoni acha ishuke yenyewe. Ukilazimika kubana kwa uzito wa mwili wote, unga ni laini kupita kiasi. Mikono ikishuka bila ukinzani, unga una chembe kubwa mno.

Kasoro yake kwako ni maziwa. Haina mvuke kabisa. Utahitaji sufuria na kipiga povu cha pembeni, na povu hilo halitakuwa la kung'aa kama la mvuke.

Chokaa_wa_Pwani
Mmefika mbali bila kuuliza maji. Kisima cha Dar (na Mombasa ni yale yale) mara nyingi kina mambo mawili tofauti: ugumu, unaoacha magamba meupe kwenye boila, na chumvi, yaani kloridi, inayokula chuma. Magamba yanaondolewa kwa asidi. Kutu ya kloridi haiondolewi na chochote, unabadilisha boila. Kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) hakikwambii ni kipi kati ya hivyo. Nunua vibanzi vya kupima ugumu na alkali, na ukiyaonja maji ukahisi chumvi, hayo yasiingie kwenye mashine hata ukiyachemsha. Jagi la kuchujia linapunguza ugumu, kloridi linaiacha.

Njia ya uhakika ni maji yaliyopitishwa kwenye RO (kichujio cha utando kinachoondoa karibu chumvi zote), halafu unayarudishia kidogo cha kuyatuliza. Yeyusha gramu 10 za baikabonati ya soda kwenye lita 1 ya maji ya RO, hiyo ni akiba yako. Kila lita ya kutumia tia mililita 10 za akiba, sawa na gramu 0.1. Hakuna kalsiamu, kwa hiyo hakuna magamba, na alkali inatosha kulinda chuma. Iwe baikabonati tupu, si unga wa kuumulia keki, ule una wanga na asidi ndani. Na maji ya betri ya kituo cha mafuta si ya kunywa, tafadhali.

Kwa wanaoendelea na maji ya bomba yenye ugumu: gramu 20 za asidi ya sitriki kwa lita, pitisha nusu, acha dakika 15, malizia, kisha matangi mawili ya maji safi. Boila ya alumini ya Gaggia za zamani usiiache na asidi usiku kucha. E24 ina boila ya brasi, inavumilia zaidi. Siki inafanya kazi, ila harufu yake inakaa kwenye gasketi.

mvuke58
Sasa Gaggia dhidi ya Bambino Plus, maana naona Robot imetoka kwa sababu ya maziwa.

Bambino iko tayari kwa sekunde chache, ina udhibiti wa joto, inalowesha kahawa kabla ya shinikizo, na inapiga povu la maziwa yenyewe hadi joto ulilochagua. Potafilta (mshikio wa kichujio cha kahawa) ni ya milimita 54. Kichwa chake kinabaki baridi, kwa hiyo pitisha kikombe kimoja cha maji matupu kwanza, la sivyo cha kwanza kitakuwa kichachu. Ikifa baada ya dhamana, fundi wa mtaani ataikwepa.

Gaggia ni chuma, swichi, waya na thamostati. Pampu ya Ulka EP5, gasketi na sahani ya kutawanya maji vinaagizwa kirahisi na kufungwa na bisibisi. Potafilta ni ya 58, saizi yenye vichujio na tampa (kigandamizio cha unga) kila mahali. Ubaya: boila ni ndogo na thamostati inaruhusu joto kupanda na kushuka. Pitisha maji kidogo mpaka taa ya joto izime, subiri iwake tena, kisha anza kikombe baada ya muda ule ule kila siku. Ladha ikiwa chachu anza mapema kidogo, ikiungua chelewa. Anayechoka na mchezo huo anafunga PID, kidhibiti cha joto cha kielektroniki.

Kero ya toleo la Ulaya: linajizima baada ya dakika 20, na kichwa kinataka dakika 15 kupata moto. Washa, oga, rudi.

Kwa maziwa ya watu wawili, toa espreso zote mbili kwanza, kisha swichi ya mvuke. Anza kupiga povu kabla taa ya mvuke haijawaka, ili kipasha joto kiendelee kufanya kazi, vinginevyo mvuke unaisha katikati ya jagi. Ishia nyuzi 60 hadi 65. Ukimaliza, washa pampu na bomba la mvuke wazi mpaka yatoke maji. Boila ikibaki tupu, kipasha joto kinaungua.

BuniMbozi
Nimeelewa. E24 kutoka Uingereza, J-Ultra, na maji ya RO. Cha mwisho: kahawa ikikaa Dar na unyevu huu, kipimo cha kisagio hakitabadilika kila siku?

NgongRoadBuni
Kitabadilika. Acha kahawa ipumzike siku 7 hadi 10 tangu ikaangwe, kisha igawe gramu 18 kwenye vichupa visivyopitisha hewa na uviweke kwenye friza, si friji. Saga ikiwa bado imeganda. Kichupa kikifunguliwa kisirudi, kwa sababu umande utakuwa umeshaingia. Ukiona sekunde zinapungua ndani ya wiki moja kwa kahawa ile ile, kaza mbofyo mmoja au miwili, usiguse kiasi. Na kama unataka povu zito zaidi kwenye ya maziwa, changanya gramu 2 za robusta ya Kagera kwenye 16 za Mbozi.

Chokaa_wa_Pwani
Ongeza kwenye oda kichujio kisicho na matundu na kopo la Cafiza, unga wa kusafishia mafuta ya kahawa. Kila wiki mbili, gramu 3 ndani ya kichujio hicho, pampu sekunde 10 iwake, 10 izimwe, mara tano, halafu rudia kwa maji matupu mpaka trei ipokee maji safi. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama kichujio hicho kimo ndani ya boksi.