Baiskeli ya magurudumu madogo: ulianza na vifaa gani, ukabadilisha nini kwanza? Tupeane uzoefu

Mkaa Ghorofani

Wakuu, habari za jioni. Wiki ya pili sasa namiliki baiskeli ya kukunja, inchi 20, mtumba wa Japani, gia sita. Siku ya kwanza kijiweni waliniuliza kama nimempora mwanangu. Sikujali. Nakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na nikifika kazini naikunja naisukumia chini ya meza.

Nataka kujua kwa waliotangulia: mtu mgeni awe na spana zipi nyumbani, na kipi ndicho cha kubadilisha mwanzo? Nafungua na langu.

Siku ya tatu, karibu na Ubungo, tairi la nyuma likalala. Nikajiona mjanja maana nina pampu kwenye begi. Kumbe pampu yangu ni ile ya mdomo mgumu, haina mpira. Gurudumu dogo spoku zake zimebanana, mdomo wa pampu haupiti kuifikia vali. Nikasukuma huku, nikageuza kule, nikachubua vidole bure. Fundi wa chini ya mwembe akaniangalia mpaka akachoka, akaja na pampu yenye mpira.

Bado haikujaa. Vali ni ile ya kizamani kama ya Phoenix, yenye kimpira chembamba ndani. Akaichomoa, kimpira kimelegea kama tambi iliyolala kwenye maji. Akakata kingine urefu wa kucha, akakilowesha kwa mate, akakivisha. Dakika mbili. Tangu siku hiyo natembea na vimpira vitano kwenye pochi, na pampu nimebadilisha.

Fundi Mstaafu

Karibu kundini kijana. Kwa baiskeli kama hiyo sanduku lako lisikutishe. Alenki (funguo za pembe sita) namba 4, 5 na 6 zinafungua karibu nusu ya baiskeli: usukani, kiti, breki. Spana 15 ni ya nati za magurudumu na pedali, ila ya pedali iwe nyembamba, spana nene haiingii. Bisibisi ya nyota, plaizi, visu vya plastiki vya kutolea tairi, viraka na solusheni. Basi. Mambo ya kufungua kranki, ule mkono unaoshika pedali, tuachie sisi.

Sasa sikiliza la pedali, maana nimeona watu wazima wakilia. Pedali ya kushoto nyuzi zake za skrubu zimegeuzwa. Ukiikaza kama nati ya kawaida unaifungua, na ukiilazimisha kuingia vibaya unakula nyuzi za kranki. Kranki ya alumini ikishaliwa nyuzi, huna pedali huna kranki. Angalia ncha ya ekseli ya pedali, imeandikwa L au R. Na ukisahau yote, kumbuka hivi: spana ikiwa juu, kuivuta kuelekea nyuma ya baiskeli ni kufungua, kuisukuma mbele ni kukaza, pande zote mbili. Paka grisi kabla ya kufunga, la sivyo mwakani utaniita na nyundo.

Binti wa Kisauni

Mimi niko Mombasa. Kosa langu lilikuwa tairi. Zile zilizokuja na baiskeli zilikuwa zimepasuka pembeni, nikaenda dukani nikasema naomba tairi za inchi 20. Nikapewa za BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, nzuri, nene. Nyumbani kaka yangu akahangaika nazo saa nzima hadi akavunja kisu cha tairi. Hazikuingia katu.

Kumbe inchi 20 si moja tu! Yangu iliandikwa 20 x 1 3/8, na kando kwa herufi ndogo 37-451. Za BMX ni 20 x 1.75, yaani 47-406. Hiyo namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. 406 haiwezi kukaa kwenye 451 hata uombe dua. Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu, usiende dukani na neno "inchi 20". Nenda na picha ya ubavu wa tairi, au libebe tairi lenyewe. Muuzaji alikataa kurudisha hela, nikampa jirani mwenye BMX.

Mkaa Ghorofani

Dada umeniokoa. Nimeenda kuchungulia sasa hivi kwa tochi ya simu: 406. Alhamdulillahi, ndizo nyingi madukani.

Mpanda Vilima

Niko Morogoro. Mimi sikuanza na tairi wala pampu, nilianza na sifa. Gia ya mbele ilikuwa na meno 44, nikaona napiga pedali nyingi naenda kidogo, nikafungiwa 52. Kwenye gia yangu ngumu, meno 14 nyuma, mzungusho mmoja wa pedali ulikuwa unanisogeza mita 4.7 hivi, ukawa 5.6. Barabara tambarare raha tupu. Kisha nikaelekeza pua mlimani na mzigo wa mchele nyuma. Nilishuka nikasukuma, watoto wa shule wakinipita kwa miguu na kunisalimia shikamoo. Cheni nayo ikawa fupi, ikabidi ninunue mpya. Nimerudisha 44. Hela hiyo ingetosha breki.

Fundi Mstaafu

Breki! Hilo ndilo la kwanza. Mtumba ukifika, raba za breki zimekauka zimekuwa kama kipande cha sahani. Badilisha raba na waya zote mbili kabla hujagusa kingine. Ukimaliza hapo, kagua bawaba ya kukunjia. Ikishikwa na kutikiswa isicheze hata kidogo.

Mtu wa London

Habari kutoka huku. Mimi naikunja nikipanda treni za chini ya ardhi, maana ikishakunjwa inaruhusiwa saa zote. Ninyi wa huko mnaiona ya kitoto, huku meneja wa benki anayo. Nyongeza yangu ni nguzo ya kiti. Mimi mrefu, nikawa naivuta juu hadi ule mstari wa kikomo uliochorwa kwenye nguzo ukatoka nje. Nguzo ikaanza kupinda, na bomba la fremu likatanuka mdomo. Nilinunua ndefu zaidi. Unene wake angalia chini ya nguzo yenyewe, kwa kawaida umechorwa. Nguzo za baiskeli kubwa kwa kawaida ni nyembamba, zinapwaya humu.

Binti wa Kisauni

Swali dogo: kikapu cha mbele kinafungwaje kwenye hizi? Kila nikikunja usukani kinagonga gurudumu.

Fundi Mstaafu

Mama, kifunge kwenye fremu, si kwenye usukani. Baadhi zina matundu mawili ya skrubu pale mbele kwenye shingo ya fremu. Kama yako hayapo, keria ya nyuma. Tuma picha.

Mkaa Ghorofani

Jumamosi naenda kwa fundi, raba za breki na waya. 52 nimeifuta kwenye orodha.