Tupeane uzoefu: uliwaambiaje wa nyumbani kwamba umefilisika?

Mtoto wa Bombo

Habari zenu ndugu. Naomba waliopitia haya wanisaidie, maana nimekwama mahali pamoja.

Nilikuwa nanunua mahindi Masindi na Kiryandongo. Kidogo nasagisha Kisenyi hapa Kampala, mengi nayavusha Kenya kupitia Busia. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yangu mawili yalikuwa kwenye foleni. Zuio lenyewe lilidumu siku chache tu, lakini lilipoondolewa yalikuja masharti mapya, na mzigo wangu ulikwisha kupata unyevu. Mnunuzi akataka kuuchukua kwa bei ya chakula cha kuku. Nikakopa kuziba pengo, nikakopa tena kulipa ule mkopo, na hivyo hivyo mpaka mwishoni mwa mwaka jana nilipofunga ghala.

Mke wangu nilimwambia, ila baada ya miezi minne. Miezi yote hiyo nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nakaa msikitini mpaka jua litoke, kisha nazunguka mjini hadi jioni. Siku niliyofungua kinywa alisema, "Najua. Ulikuwa unaleta gunia la unga kila mwezi. Sasa unanunua kilo moja moja dukani." Alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe. Ile miezi minne ndiyo iliyomuuma, na mpaka leo ikitajwa hunyamaza.

Aliyebaki ni mzee. Ni mwanajeshi mstaafu, anaishi Bombo, na hati ya kiwanja anachokaa na mama ndiyo iliyoko benki. Alisaini mwaka 2019, na mbele ya ndugu zangu akasema ananiamini. Mara tatu nimepanda teksi kwenda kumwambia, mara tatu nimeshuka njiani. Ninyi mliwaambiaje wazee wenu?

Mama Busia

Pole sana, kaka. Mimi nilianza na watoto kwa sababu wao ndio walioniuliza. Wakubwa wawili, wa miaka 14 na 11. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Nikawaambia duka limekwisha, muhula ujao mnahamia shule ya serikali, chakula kitakuwepo na hatutalala nje. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Mkubwa aliuliza tu kama redio yake nayo itauzwa.

Lakini yule mdogo akaanza kulala na sare yake ya shule chini ya mto. Niligundua baada ya wiki mbili. Nilidhani nikisema mara moja nimemaliza, kumbe yeye kila usiku alikuwa anajiuliza ni kitu gani kingine kitaondoka. Tangu hapo kila Jumapili nikawa nawaambia tulipofika, hata kama hakuna jipya.

Jirani wa Ntinda

Haya naandika kwa mara ya kwanza.

Sheria ya rehani ya mwaka 2009 inataka mwenzi akubali ndipo nyumba ya ndoa iwekwe rehani. Mke wangu alikataa. Nikamlipa mwanamke mwingine, akaja benki na picha zake za pasipoti, akasaini kama ndiye yeye. Nikapata fedha, nikaingiza vipuri vya magari, na vikanifia mikononi.

Siku ya kumwambia mke wangu nilikuwa na maneno mawili, nikasema moja. Nilimwambia tumefilisika. La saini sikuligusa. Na yeye alinipokea vizuri mno. Aliuza vitenge vyake, akauza na cherehani aliyoletewa na mama yake, akaniwekea zile fedha kiganjani akasema tutaanza upya. Nami nikazipokea.

Baada ya wiki sita wakaja watu kuthamini nyumba. Akawauliza imewekwaje rehani na yeye hakusaini. Wakamwonyesha karatasi. Jina lake, na picha ya mtu asiyemjua.

Hakupiga kelele. Aliniomba nimsomee ile karatasi kwa sauti, yote, mpaka mwisho. Nilisoma. Kisha akafunga vitu vyake akaenda kwao Masaka, na huu ni mwaka wa tatu. Watoto huja likizo. Kupoteza nyumba nimekuzoea. Zile fedha za vitenge ndizo zinazoniamsha usiku. Ndugu wa Bombo, kama kuna jambo la pili nyuma ya hili la kwanza, yaseme yote siku moja.

Mtu wa Mbale

Kaka yangu mwalimu alinidhamini kwenye SACCO, chama chetu cha kuweka na kukopa. Nilipoacha kulipa wakaanza kumkata mshahara. Alijua siku alipoona mshahara umeingia pungufu. Namba yake nilikuwa nayo siku zote. Hatujazungumza tangu mazishi ya mama.

Mwalimu Mukono

Mimi ilikuwa shule. Watoto 210, chekechea mpaka darasa la saba. Tulipofunga Machi 2020 tulidhani ni mwezi mmoja. Shule zilikuja kufunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na muda wote huo riba ilikuwa kazini. Nilifuga kuku darasani. Niliuza madawati. Dada zangu walikuwa wananitumia fedha kwa simu wakidhani ni za kukarabati paa, na mimi nazipeleka benki.

Kwetu jambo zito lina njia yake. Nilianza kwa ssenga, yaani shangazi, dada wa baba. Nilikwenda kwake peke yangu, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza kitu. Halafu akasema, "Nipe siku tatu." Akaita mama na dada zangu, tukakaa mkekani nyumbani kwake. Nilipopiga magoti kuomba radhi, ssenga akanizuia: "Kaa. Kuomba radhi kutakuja. Leo utueleze hesabu."

Namshukuru mpaka kesho. Nilikuwa na daftari: nilikopa kiasi gani, riba ngapi, nimelipa kiasi gani, nani alituma nini na kilikwenda wapi. Dada mkubwa alikuwa amekuja kugombana. Alipoona jina lake limeandikwa na kila shilingi aliyotuma, sauti yake ilishuka. Mama hajui kusoma. Aliomba daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akauliza, "Na hapa ni ngapi?" Nikamwambia. Akakaa nacho kidole pale pale kwa muda mrefu.

Machozi watu huyasahau. Daftari tunalo mpaka leo na dada mkubwa ndiye anayelitunza. Mtoto wa Bombo, usiende kwa mzee mikono mitupu. Nenda na hesabu.

Karani

Nafanya kazi ofisini kwa wakili, nikaona nichangie yale ninayoyaona kila wiki. Huko mtaani mtu akikosa cha kulipa tunasema amefilisika. Kwa sheria ya ufilisi ya mwaka 2011, hufilisiki mpaka mahakama itoe amri, na kabla ya hapo kuna nafasi ya kupanga na wadai namna ya kulipa. Amri ikitoka hutangazwa hadharani, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba itabaki siri.

Lako, ndugu wa Bombo, ni la rehani. Mkopo ukipita siku 30 bila kulipwa, benki inaweza kutoa notisi ya siku 45 za kazi urekebishe. Ukishindwa, inafuata nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Notisi humfuata mwenye hati. Mwenye hati ni mzee. Nimeona wazee wakija ofisini na bahasha mkononi, hawajui hata waulize nini, na mtoto amezima simu. Hujalipa tangu lini?

Mtoto wa Bombo

Miezi miwili sasa. Notisi sijaiona.

Karani

Basi bado una nafasi ya kufika kabla yake.

Binti wa Arua

Mimi niko upande wa pili, wa aliyeambiwa. Tuseme wa ambaye hakuambiwa.

Baba alikuwa anapeleka bidhaa Juba. Mapigano ya Julai 2016 yalipotokea alikuwa ameacha mali ya mkopo kwa wateja kule, na wengi hakuwaona tena. Alirudi akasema biashara imelala kidogo. Tulikubali, kila mtu Arua alikuwa anasema hivyo.

Jirani ndiye aliyekuja na gazeti. Kulikuwa na tangazo la mnada na picha ya nyumba yetu, ya rangi, na ndoo yangu ya bluu iko varandani. Kumbe yule mtu aliyekuja kupiga picha, ambaye baba alituambia ni wa umeme, mimi mwenyewe nilimpa maji ya kunywa.

Baba alikuwa ndani, anasikia jirani anavyosoma. Hakutoka mpaka usiku. Nilikuwa na miaka 17, na wiki nzima sikumwamkia. Watu walidhani nalilia nyumba. Nilikuwa nawaza yale maji.

Sasa tunapanga vyumba viwili, na baba anauza sabuni na chumvi sokoni. Kila jioni hunipigia simu kuniambia ameuza nini na amebakiwa na nini. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Hata nikiwa na kazi nyingi, simu hiyo huwa napokea.

Kaka, mwambie mzee wako kabla jirani hajamwambia. Tafadhali.

Mtoto wa Bombo

Nimerudi. Nilikwenda jana na sikushuka njiani.

Nilimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Akanionyesha kiti nikakataa, maana ningekaa ningeanza habari za watoto na mvua. Nikamwambia nikiwa nimesimama: "Mzee, mkopo umenishinda. Ghala nimefunga. Sijalipa miezi miwili, na kiwanja hiki kiko hatarini."

Alipalilia mistari miwili zaidi. Kisha akauliza, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. "Basi twende umwambie wewe mwenyewe. Hapo mimi sikusaidii."

Mama alilia, akauliza watalala wapi, na sikuwa na jibu. Nikatoa daftari. Mzee akavaa miwani, akapitia ukurasa kwa ukurasa, akakuta mahali nilipokosea kujumlisha. Deni lilikuwa kubwa kuliko nilivyomwambia. Akasahihisha kwa kalamu yake na kuandika tarehe pembeni.

Hajasema kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Jumatatu tunakwenda benki. Amesema nikifika mapema nimsubiri getini, tuingie wote wawili.