Paka mwenye kisukari: nianze na chakula au na kipimo?

nyau_wangu

Habari zenu wakuu. Paka dume aliyehasiwa, miaka 9, kilo 6.4, amegundulika na kisukari wiki mbili zilizopita. Yuko kwenye insulini ya glajini, uniti 1 asubuhi na uniti 1 jioni. Anakula chakula kikavu, na bakuli linakaa wazi siku nzima. Kliniki sukari ya damu yake ilisoma 22 mmol/L, lakini daktari anasema namba ile haiaminiki sana kwa sababu paka huyu anaingiwa na hofu akifika pale, na hofu peke yake inapandisha sukari. Ndiyo maana ametaka nipime nyumbani.

Nataka kumhamishia kwenye chakula cha kopo chenye wanga kidogo. Nihamishe mara moja au polepole, na dozi ibaki ile ile? Halafu wanga wa kopo nitaujuaje wakati lebo haiutaji kabisa? Na la mwisho, sikio halitoi damu. Nachoma mara nne napata tone moja, nalo linatambaa kwenye manyoya kabla ya kufika kwenye stripu ya kupimia. Mara moja nimefanikiwa kupata matone mawili mfululizo, mashine ikasoma 14.1 kisha 15.6. Nishike ipi?

mizani

Sikio kwanza, kopo baadaye. Tafadhali usigeuze mpangilio huo.

Uniti moja mara mbili kwa siku ilipangwa kwa paka anayekula wanga mwingi. Ukiondoa wanga, dozi ile ile inaweza kuwa kubwa mno ndani ya siku chache, pengine ndani ya siku moja. Asiyepima atalijua hilo paka akishaanza kuyumba. Kwa hiyo subiri hadi uweze kupata namba tatu kwa siku bila kubahatisha: kabla ya sindano ya asubuhi, kabla ya ile ya jioni, na moja katikati, kama saa 5 hadi 7 baada ya sindano, wakati ambao glajini kwa kawaida inakuwa imeishusha sukari hadi chini kabisa. Ukishakuwa na siku tatu nne za namba hizo, mwambie daktari siku unayoanza kubadilisha chakula, kisha badilisha robo ya mlo kila baada ya siku 2 au 3. Namba ya katikati ikishuka chini ya 5, simama hapo hapo. Zungumza na daktari kuhusu kupunguza dozi kabla ya kuongeza robo nyingine.

Akikataa chakula kipya, usimtie njaa ukidhani ataona mwenyewe. Paka mnene asiyekula siku mbili tatu anaanza kujaza mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo unaua. Pasha chakula kifikie joto la mwili, saga punje chache za kikavu umnyunyizie juu. Wengi hukubali hapo.

Sasa wanga. Lebo inataja protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu, na mara nyingine majivu. Jumlisha vyote, toa kwenye 100. Kinachobaki ndicho wanga. Mfano kopo lenye protini 11, mafuta 6, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2 na unyevu 78: jumla ni 97.5, wanga ni gramu 2.5 katika kila gramu 100. Lakini usiishie hapo, kwa sababu maji yanadanganya macho. Geuza kuwa kalori: protini zidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5. Unapata 38.5, 51 na 8.75, jumla kama 98. Gawa 8.75 kwa 98: wanga unachangia karibu asilimia 9 ya kalori. Lengo ni chini ya 10, kwa hiyo kopo hilo linafaa.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kikavu chenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 7 na unyevu 8. Wanga ni 38, na asilimia ya kalori ni 38 pia. Hata kikavu kilichoandikwa kuwa ni cha kisukari kipigie hesabu kwanza. Kama majivu hayakutajwa weka 2 kwa kopo na 7 kwa kikavu. Jibu ni makadirio, maana lebo nyingi zinatoa kiwango cha chini au cha juu tu, lakini linatosha kutenganisha kopo zuri na baya. Jihadhari na vipande vilivyo kwenye mchuzi mzito: uzito ule mara nyingi ni unga. Aina iliyosagwa laini ikaganda kwenye kopo kwa kawaida ni salama zaidi.

Bakuli la wazi nalo lina shida yake: akila muda mfupi kabla ya kipimo, unapima chakula badala ya kupima insulini. Ondoa bakuli saa 2 kabla ya kila sindano.

sikio_kushoto

Nitajibu la sikio, maana hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na karibu kila mara tatizo ni ubaridi.

Sikio la paka likiwa baridi halitoi kitu hata ukichoma mara kumi. Chukua soksi safi, tia mchele mkavu mbichi, funga, pasha kidogo, ijaribu kwenye kifundo cha mkono wako, kisha ikalie sikio kwa dakika nzima. Dakika nzima, usikisie. Kitambaa cha maji moto pia kinafaa, ila kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu maji yakibaki kwenye sikio yanachanganyika na damu na kuishusha namba.

Angalia sikio dhidi ya taa. Utaona mshipa unapita sambamba na ukingo wa nje. Usiuchome wenyewe. Choma ule ukanda mwembamba wa milimita moja mbili kati ya mshipa na ukingo. Pale kuna mishipa midogo mingi, inatoa tone bila kumwaga damu na bila kuacha jeraha. Pakaza mafuta ya mgando kidogo sana, utando tu usioonekana. Hayo ndiyo yanayozuia damu kutambaa kwenye manyoya. Tone linasimama kama kichwa cha pini. Ukipaka mengi yataingia kwenye stripu na mashine itagoma.

Weka karatasi laini iliyokunjwa mara kadhaa nyuma ya sikio, ibane kwa kidole, ili lanseti (kile kisindano cha kutobolea) ipate pa kugonga na wewe usijichome. Anza na lanseti ya geji 28. Zile nyembamba za 30 na kuendelea ni za sikio lililozoea. Wengi wanaacha kile kifaa cha springi, maana mlio wake unamshtua paka, wanashika lanseti kwa mkono, upande uliokatwa mshazari ukiangalia juu. Choma mara moja kwa uamuzi. Kusitasita kunaumiza zaidi. Kisha kamua taratibu kutoka pembeni kwa vidole viwili.

Tone likitoka, peleka ncha ya stripu iliguse nayo itafyonza yenyewe. Usilipake juu ya stripu. Tone likikaa mahali pabaya, lichote kwa ukucha uliooshwa na kukaushwa, kisha pimia kwenye ukucha. Mwishoni bana sikio kwa sekunde 30 lisivilie, na mpe kipande kidogo cha nyama hata kama hukupata namba. Anachokumbuka ni mahali na zawadi, kwa hiyo pimia mahali pale pale kila siku. Baada ya wiki moja au mbili sikio lenyewe linabadilika, linatoa damu kwa urahisi.

Kuhusu 14.1 na 15.6: kwa mashine hizo ni namba moja. Kiwango cha kimataifa cha vipima sukari vya binadamu kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini kuanzia 5.6 mmol/L, na kama 0.8 chini ya hapo. Tofauti yako ni kama asilimia 10. Jambo moja zaidi: mashine ya binadamu kwa kawaida inasoma chini kidogo kwenye damu ya paka, kwa sababu sukari imegawanyika kwa namna nyingine kati ya maji ya damu na chembe nyekundu. Mashine ya wanyama inarekebisha hilo, mradi umeiwekea msimbo wa paka. Yoyote utakayotumia, kaa nayo. Ukichanganya mashine mbili kwenye daftari moja daftari halisomeki tena. Kama nyingine yoyote inaandika mg/dL, gawa kwa 18 upate mmol/L.

daktari_wa_manyoya

Wenzangu wamesema vizuri. Naongeza yale yanayoleta paka kliniki usiku.

Bomba la sindano. Glajini ya kawaida ni U-100, yaani uniti 100 kwa mililita. Insulini kadhaa za wanyama, kama ProZinc na Caninsulin, ni U-40, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 1, umevuta uniti 2.5. Ukikosea upande wa pili, paka anapata 0.4 na unabaki kushangaa kwa nini sukari haishuki. Soma namba kwenye chupa na kwenye bomba kila unapofungua pakiti mpya. Tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu uniti, maana kwa paka nusu uniti ni badiliko kubwa.

Choma ubavuni au juu ya paja badala ya shingoni, na ubadilishe upande kila mara. Manyoya yakilowa na kunuka dawa, dozi imemwagika nje, yote au sehemu. Usirudie. Huwezi kujua ni kiasi gani kimeingia.

Usitupe chakula kikavu chote. Kiasi kidogo chake kiwe karibu, kwa sababu sasa hicho ndicho kinachopandisha sukari haraka. Mashine ya binadamu ikisoma chini ya 3 na paka yuko sawa, mpe kikavu, pima tena baada ya dakika 15. Akitetemeka, akiyumba kama mlevi au akitazama bila kuona, pakaza nusu kijiko cha chai cha asali au sharubati ya glukosi kwenye fizi, kisha mpe chakula akiweza kumeza. Akipata degedege usimimine kitu mdomoni. Pakaza kidogo kwenye fizi kwa tahadhari na mpeleke kliniki. Hata akizinduka, insulini bado inafanya kazi kwa saa kadhaa na sukari inaweza kuanguka tena. Endelea kupima, na usichome tena hadi mzungumze na daktari.

nyau_wangu

Asanteni sana, soksi ya mchele imefanya kazi. Naleta swali la dharura kidogo. Sasa tuko nusu kopo, nusu kikavu, siku ya sita. Jioni hii kabla ya sindano amesoma 6.9, mashine ya binadamu. Siku zilizopita saa hizi alikuwa 13 hadi 15. Ana njaa, anacheza. Nichome?

daktari_wa_manyoya

Usichome bado na usimlishe. Subiri dakika 30 upime tena. Tunataka kujua kama anapanda au bado anashuka.

nyau_wangu

Dakika 30: 7.2. Saa nzima: 8.8.

daktari_wa_manyoya

Anapanda, vizuri. Mlishe, ruka sindano hii, na asubuhi mpigie daktari wake ukiwa na namba zote mkononi. Kwa aliyeanza, chini ya 11 kabla ya sindano haichomwi bila ushauri. Wazoefu wanachoma chini ya hapo, ila wana daftari la wiki nyingi linalowaambia paka wao anashukaje. Sindano moja ikirukwa, atakojoa zaidi usiku, basi. Dozi iliyozidi hairudishwi. Naamini dozi yake itapunguzwa. Hicho ndicho chakula kinachofanya, na kwa paka aliyegunduliwa wiki chache tu ni dalili njema. Baadhi yao, hasa sukari ikidhibitiwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, hufika mahali hawahitaji insulini kabisa. Lakini hapo wanafikishwa kwa kushusha dozi hatua kwa hatua, namba zikiongoza. Usije ukaacha ghafla.

Kwa kuwa umeruka sindano, kesho tumbukiza stripu ya ketoni (tindikali inayojaa mwilini insulini ikipungua) kwenye mkojo wake mbichi. Kikionekana chochote zaidi ya alama hafifu, piga simu siku hiyo hiyo. Ketoni pamoja na kutapika, kutokula au kulegea, usisubiri kupambazuka.

bakuli_tupu

Samahani kuingilia. Si kuna dawa za kumeza sasa, kwa nini ahangaike na sindano?

daktari_wa_manyoya

Zipo. Beksagliflozini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2022, na velagliflozini ikafuata 2023. Zinafanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Zimekusudiwa paka ambaye hajawahi kupewa insulini, kwa hiyo huyu hayumo. Na zina hatari yake: paka anaweza kujaa ketoni huku kipimo cha sukari kikisoma kawaida kabisa, hivyo hata anayezitumia anahitaji stripu za ketoni nyumbani.

mizani

Nyau_wangu, mpime uzito kila wiki pia, mizani ile ile. Ana kilo za kupunguza, lakini zisizidi asilimia 1 kwa wiki, kwake ni kama gramu 60. Akishuka haraka zaidi huku anakula vizuri, hajadhibitiwa, hata namba mbili tatu zikikupendeza. Pima na maji anayokunywa kwa saa 24: zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito ni mengi mno, na kwa anayekula kopo yanatakiwa kuwa machache sana kuliko hapo. Na kabla ya kumaliza kikavu chote, muulize daktari vipimo vya figo vilisomaje. Figo zikiwa na shida, protini na fosforasi za kopo zinapangwa upya, na si kila kopo lenye wanga kidogo litamfaa.

nyau_wangu

Figo zilipimwa, ziko sawa. Asubuhi amesoma 12.4, ketoni hakuna. Daktari ameshusha hadi nusu uniti mara mbili, chakula kibaki nusu kwa nusu kwa siku 5 kwanza.

sikio_kushoto

Hapo sawa. Andika dozi mpya kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, na ubandike karatasi kwenye mlango wa friji, ili yeyote atakayechoma jioni asivute ile ya zamani kwa mazoea.