Umehamia ukakuta jogoo anawika na ukumbi unapiga muziki: nani apishe?

Mtoa mada:

Wakuu, mada hii nimeibeba muda mrefu, leo naitua.

Mtu kanunua nyumba mashambani akitafuta utulivu. Wiki ya kwanza anasifia hewa. Wiki ya pili anagundua jirani ana jogoo, nyuma kuna bwawa la vyura, na kona ya pili kuna ukumbi wa muziki unaokesha Ijumaa na Jumamosi. Wiki ya tatu kaandika barua ya malalamiko. Kati ya aliyekuta na aliyekutwa, nani apishe?

Msimamo wangu nausema mapema ili msinitafute: aliyekutwa asiguswe. Hukulazimishwa kuja.

Ufaransa wameshalipitia hili. Kule kisiwa cha Oléron kulikuwa na jogoo anaitwa Maurice. Majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko karibu naye wakamshitaki mwenye jogoo kwa sababu Maurice anawika alfajiri. Jogoo, anawika, alfajiri. Kesi ikaenda hadi mahakama ya Rochefort, na Septemba 2019 hakimu akawakatalia walalamikaji na kuwaamuru wao ndio walipe fidia, yuro 1,000. (Maurice alikufa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wake mwenyewe, msije mkaanza kuhisi vibaya.) Januari 2021 ikapita sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi. Aprili 2024 wakaongeza kifungu kwenye sheria zao za madai: ukikuta shughuli ilikuwepo kabla yako, inafuata sheria, na haijazidisha usumbufu kuliko ulivyokuwa, huna cha kudai.

Naona wamemaliza kazi. Anayepinga aje, ila msinijibu kwa methali za ujirani. Nataka hoja.


Usingizi Mtamu:

Napinga mimi, tena bila methali.

Kutangulia si hoja, ni bahati ya kalenda. Waingereza waliliona hili tangu 1879. Kulikuwa na mtengeneza peremende wa London aliyekuwa anatwanga kwa vinu vikubwa jikoni kwake zaidi ya miaka 20. Jirani yake alikuwa daktari, na hawakuwa na ugomvi hadi daktari alipojenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, kikagusana ukuta na lile jiko. Sasa kila akisikiliza kifua cha mgonjwa anasikia vinu. Kwa hoja yako mtoa mada, daktari aambiwe "ulinikuta". Mahakama ya rufaa ikampa haki daktari.

Usiseme ni mambo ya kale. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililirudia jambo hilohilo kwenye kesi ya uwanja wa mbio za pikipiki na magari. Uwanja ulikuwepo tangu miaka ya 1970, walalamikaji walinunua nyumba 2006. Majaji wakasema kuhamia karibu na kero hakukuondolei haki ya kuilalamikia.

Sababu yake ni rahisi. Kama anayetangulia hagusiki, basi siku anapoanza kupiga kelele anakuwa amejimilikisha na kiwanja cha jirani bila kukinunua. Mwenye kiwanja kitupu leo hana sababu ya kwenda mahakamani, maana hakuna anayelala pale. Akija kujenga baada ya miaka 10 anaambiwa amechelewa. Amechelewa wapi, kwenye ardhi yake?


Mpitaji:

Nimekuja kusoma tu. Hicho kisa cha vinu kimenikosha.


Chumba cha Juu:

Nyie wote wawili mnaongea kama vile kila mtu anachagua pa kuishi.

Mnataja wenye nyumba za mapumziko na madaktari wenye bustani. Mimi nilipanga chumba juu ya barabara, karibu na ukumbi wa muziki, kwa sababu moja: kilikuwa bei nafuu. Na mnajua kwa nini kilikuwa nafuu. Kelele na kodi ya nyumba vinajuana, penye utulivu panalipiwa. Kwa hiyo mkisema "aliyehamia avumilie", mara nyingi mnamwambia mwenye kipato kidogo avumilie, kwa lugha ya heshima.

Halafu hilo la "ulitukuta" lina ujanja ndani yake. Mpangaji anakwenda kukagua chumba saa nne asubuhi. Ukumbi umefungwa, mtu anafagia nje, ndege wanaimba. Besi inakuja saa nne usiku. Nilikuta nini hasa?

Usiku wa kwanza sikusikia wimbo. Natamani ningesikia wimbo, maneno yangenipa cha kufuata. Niliyoisikia ni besi peke yake, inapanda kwa miguu ya kitanda. Nikaweka glasi ya maji mezani, nikawasha taa ya simu, nikaona maji yanajikunja duara kila inapopiga. Nikakaa naangalia glasi mpaka saa tisa. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kuamka saa kumi na moja.

Nilipokwenda kuongea nao, meneja akanijibu vilevile kama mtoa mada: "Ulipokuja ulitukuta." Nikarudi mara ya pili, mchana, nikamkuta fundi wao wa sauti. Huyu hakubishana. Akapanda na mimi hadi chumbani, akaweka kiganja ukutani, akashuka. Kumbe lile spika kubwa la besi walikuwa wameliegemeza kwenye ukuta unaopanda hadi kwangu. Wakalisogeza, wakalikalisha juu ya mpira mzito. Muziki haukuisha, ila glasi ilitulia.

Sasa niambieni, hapo nani alipisha?


Gitaa Bovu:

Mkuu wa Chumba cha Juu pole, na huyo fundi apewe maua yake. Ila ngoja niseme kwa niaba ya tunaopiga.

Ukumbi mdogo ndiyo shule yetu. Hakuna bendi inayoanzia uwanja wa mpira. Unaanza mbele ya watu 30, kumi kati yao ndugu zako, unakosea, unarekebisha. Kumbi za namna hii ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu hazina wakili wala hela ya kuziba kuta. London ilipoteza takribani asilimia 35 ya kumbi ndogo za muziki kati ya 2007 na 2015. Kodi ilichangia, na malalamiko ya majirani wapya yalichangia pia. Inaniuma zaidi kwamba mtaa unapata jina kwa sababu ya muziki, jina linaleta wajenzi wa maghorofa, maghorofa yanaleta wakazi, na wakazi wanazima muziki. Wanauziwa "mtaa wenye uhai", kisha wanadai ukae kimya.

Kuna kanuni ambayo naona inatenda haki kuliko "aliyetangulia" ya mtoa mada na kuliko hukumu za Usingizi Mtamu. Inasema anayeleta mabadiliko ndiye abebe gharama. Jimbo la Victoria kule Australia waliiingiza kwenye taratibu za mipango miji mwaka 2014, Uingereza wakaifuata kwenye mwongozo wao wa 2018. Ukijenga nyumba za kuishi karibu na ukumbi uliokuwepo, wewe mjenzi ndiye unayeweka madirisha ya vioo viwili na kuta nene. Lakini inakata pande zote: nikifungua ukumbi mpya katikati ya nyumba za watu, kuziba sauti ni juu yangu, siwezi kumwambia bibi wa nyumba ya jirani anunue vizibo vya masikio.

Klabu ya Ministry of Sound ya London ilikaribia kufikwa na hayo, mjenzi alipotaka kusimamisha ghorofa mbele yake. Mwaka 2014 wakakubaliana: mjenzi anaziba sauti kwenye jengo lake, na klabu inapewa haki ya kisheria ya kutoa kiwango cha kelele ilichokuwa inatoa, haki inayomfunga kila atakayenunua nyumba pale. Mnunuzi anajua kabla hajasaini. Ile hadithi ya kukagua saa nne asubuhi inaishia hapo.


Chumba cha Juu:

Mnunuzi anajua. Mpangaji je?


Gitaa Bovu:

Hapo umenishika. Sina jibu.


Bwawani:

Wakuu, mmeanza na jogoo mkamalizia na klabu kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi shughuli yangu ni wanyama, niruhusuni nitenganishe.

Jogoo hawiki kwa sababu tu ameona mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wakakuta bado wanawika kwa saa zao za ndani ya mwili. Hiyo ilikuwa 2013. Baadaye wakagundua wakiwa kundi, yule mkubwa wa cheo ndiye anayeanza, wengine wanafuata kwa ngazi. Kwa hiyo wanaoshauri "mfunikie banda" hawaondoi chanzo. Hakuna kitufe pale.

Chura vilevile. Anayelia ni dume, anaita jike, na msimu wake ni huo tu. Mtoa mada ametuletea Maurice kwa sababu Maurice alishinda. Hakutuletea vyura wa Grignols, kusini magharibi mwa Ufaransa hiyohiyo. Jirani alilalamika, vyura wakapimwa wakafika desibeli 63, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Bordeaux ikaamuru bwawa lifukiwe. Kasheshe ikaja kwamba ndani ya bwawa kuna aina za viumbe wanaolindwa na sheria. Mahakama inasema fukia, sheria ya mazingira inasema ole wako ukiwagusa. Kesi ikavutana miaka.

Lakini ninachotaka kuwauliza ni kingine. Hii hoja ya kutangulia mbona mnaikatia njiani? Ndege walikuwepo kabla ya jogoo wa mtu yeyote, kabla ya kinu cha peremende, kabla ya klabu. Na wao ndio wanaopisha kila siku bila kwenda mahakamani. Mwaka 2003 ilitoka taarifa kutoka mji wa Leiden, Uholanzi, kwamba ndege mmoja mdogo wa huko anayeishi penye magari mengi huacha noti za chini na kuimba za juu, maana ngurumo za injini zimejaa chini. Sheffield, Uingereza, kuna ndege wanaoimba usiku katika maeneo yenye kelele nyingi mchana. Na mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, shomoro fulani wa San Francisco walishusha sauti yao, na nyimbo zao zikawa zinafika mbali zaidi. Yaani miaka yote walikuwa wanapiga kelele ili wasikike juu yetu.

Nani aliyetangulia hapo, na fidia yake iko wapi?


Usingizi Mtamu:

Mkuu, umetuzidi wote. Ila nikiri hapa hadharani kwamba bado nataka kulala. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kelele za usiku kwa Ulaya mwaka 2009, desibeli 40 nje ya nyumba kwa wastani wa mwaka. Vyura wako 63. Nampenda chura, lakini moyo wangu hausomi sheria ya urithi usiku wa manane.


Bwawani:

Hiyo 40 ni wastani wa usiku wote wa mwaka mzima. Chura ana wiki zake chache. Usimpime kwa rula ya barabara kuu.


Mtoa mada:

Nimesoma zote, mbili nimezisoma mara mbilimbili.

Narudi nyuma hatua moja, si mbili. Nilisema aliyekutwa asiguswe. Hadithi ya glasi imenisumbua, kwa sababu jibu la meneja lilikuwa jibu langu neno kwa neno, na lilikuwa jibu la uvivu. Spika lilisogezwa kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kubishana hapa. Kwa hiyo nabadilisha: kwenye kelele yenye kitufe, kutangulia hakukupi ruhusa ya kutokigusa. Unayemkuta na spika unaweza kumwomba asogeze, na akikataa bila sababu, ubaya ni wake hata kama alifika kabla ya babu yako.

Kwa kelele isiyo na kitufe sibadiliki. Jogoo, chura, mvua juu ya bati. Ukiviona vinakushinda, utafute kwingine, na usiniletee habari ya kufukia bwawa.

Swali la Bwawani kuhusu ndege sijui niliweke upande gani. Nimelikwepa kwa makusudi, mnaweza kunisema.


Mpitaji:

Na watoto wachanga? Wana kitufe?


Chumba cha Juu:

Kipo, ila hakuna anayejua kiko wapi.


Gitaa Bovu:

Nilikuwa nimenyamaza kwa aibu, ngoja niseme. Mwezi uliopita nilihama. Nimepata nyumba nje ya mji ili nirekodi bila kusumbua mtu. Kilichonivutia ni utulivu, nilikwenda kuikagua saa nne asubuhi, msicheke.

Kuna bwawa. Wanaanza jua likizama na hawapumziki. Nimejaribu kurekodi mchana, kuna ndege. Jana nimetoa gitaa safi kabisa, dakika nne, na kwenye sekunde ya mwisho, kamba ikiwa bado inafifia, kaingia dume mmoja peke yake, noti moja, nje kidogo ya ufunguo wa wimbo.

Nimeiacha hivyohivyo.


Bwawani:

Tuma tumsikie. Nitakwambia ni wa aina gani.