Mama mdogo anashuka Terminal 3 na masanduku matatu, afikeje hotelini Kisutu?

Nzuguni Kwetu

Wakuu, heshima yenu. Nipo Dodoma na nina jambo la haraka kidogo.

Mama yangu mdogo anarudi kutoka Muscat Alhamisi hii. Ndege inatua Dar saa kumi kasoro jioni. Ana masanduku matatu makubwa, kila moja kilo 23, na begi la mkononi. Hapo sijahesabu boksi ambalo ananiambia "si kubwa", na mimi namjua. Magoti yanamsumbua, hawezi kuinua kitu. Ijumaa asubuhi anapanda SGR kuja huku, kwa hiyo usiku huo mmoja analala hoteli ya Kisutu na nimeshaiweka nafasi. Kazini wameninyima ruhusa, siwezi kushuka kumpokea. Ndugu wa Dar wapo Mbagala na Bunju, kila mmoja ana udhuru wake.

Aliondoka kabla Terminal 3 haijafunguliwa, kwa hiyo hapajui. Laini yake ya hapa ilishafungwa siku nyingi. Sasa achukue teksi za pale pale uwanjani, au nimwitie gari la apu nikiwa huku? Bei ya haki ni shilingi ngapi? Kuna mtu ofisini ananiambia apande bajaji tu, mizigo ifungwe nyuma. Nisaidieni, bi mkubwa asije akapigwa bei siku ya kwanza.

Konda Mstaafu

Bajaji na masanduku matatu! Huyo wa ofisini kwenu ana ugomvi gani na mama yako? Sanduku moja litakaa miguuni, la pili kwenye siti, la tatu litafungwa kwa mpira nyuma likiwa linaning'inia, halafu yeye mwenyewe akae wapi? Na kuingia katikati ya mji bajaji zina vizuizi vyake. Suka akiona askari mbele anakushushia Mnazi Mmoja, malizia mwenyewe.

Daladala usifikirie kabisa. Gari za Gongo la Mboto zinapita pale barabarani, lakini kutoka mlango wa Terminal 3 hadi kituoni ni mwendo, na toroli la uwanja halitoki nje ya uwanja. Mimi nilikuwa konda njia hiyo. Abiria mwenye sanduku moja kubwa tunamlipisha siti mbili, mwenye matatu tunajifanya hatujamwona.

Kipawa Mwisho wa Lami

Mkuu, kutoka uwanjani hadi mjini ni kama kilomita 12 tu, Barabara ya Nyerere moja kwa moja, hakuna kona za kumbabaisha mtu. Teksi za pale uwanjani huwa wanaanzia 50,000 wakiona mgeni, ukizungumza vizuri unashuka hadi 40,000 au 35,000. Apu inaweza kukuletea hata nusu ya hapo, ila ile bei ya kwenye simu siyo unayolipa kila mara. Muda wa foleni inapanda.

Mwambie akubaliane bei KABLA mzigo haujaingia kwenye gari. Mzigo ukishaingia, mwenye nguvu ni dereva. Na bei itajwe kwa shilingi. Akiambiwa dola akatae, tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za humu ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Abadilishe riyali kidogo uwanjani za kuanzia, nyingine atabadilisha huko mbele.

Mchungu wa Ndimu

Mwiteni mwendokasi, awamu ya tatu si imepita hapo hapo Nyerere 😂

Konda Mstaafu

@Mchungu wa Ndimu hata ikichanganya vipi, mwendokasi na masanduku matatu saa watu wanatoka kazini? Atashuka yeye, masanduku yaende Gerezani peke yake.

Suka wa IST

Naendesha apu hapa mjini na uwanjani naenda mara kwa mara. Nimesoma wote mnazungumzia bei. Bei siyo tatizo la huyu mama. Tatizo lake ni buti.

Gari nyingi za apu Dar ni IST, Passo na Vitz. Siku hizi wengi wetu tumefunga gesi kwa sababu petroli imetushinda. Sasa mtungi wa gesi unakaa wapi? Kwenye buti. Ukifungua buti ya gari langu utaona mtungi umelala kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, juu yake nimetandika zulia, na mbele yake pamebaki pa kuweka begi la mgongoni na ndoo. Sanduku la kilo 23 haliingii hata ulisimamishe. Basi moja linapanda siti ya mbele, la pili siti ya nyuma, la tatu abiria analipakata. Na yeye mwenye magoti mabovu!

Kwenye apu abiria haoni mtungi, anaona picha ya gari na namba. Gari inafika, dereva anaona mizigo, anasema "mama hapa hatutoshi, kansel uagize nyingine". Mama hana laini, hana intaneti, kasimama na toroli. Wewe upo Dodoma unabonyeza simu. Hapo ndipo vishoka wanapomdaka, kwa sababu wanamwona kabisa amekwama.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiamua apu, chagua daraja la gari kubwa, usichague la bei ndogo. Dereva akikubali safari mpigie hapo hapo, usisubiri akupigie yeye. Muulize maneno haya: "Una mtungi nyuma? Nina masanduku matatu makubwa." Anayesita, mwache. Noah, Alphard au Wish isiyo na gesi ndiyo inafaa. Na ukubaliane naye anasimama wapi, maana wengine hukwepa kulipia maegesho, watakwambia abiria apande juu ghorofa ya wanaoondoka. Mama yako asipande popote. Wanaowasili wanatokea chini, abaki chini na toroli lake.

Akikuomba mkansel mmalizane nje ya apu, bei ibaki ile ile na hakikisha umepiga picha namba ya gari. Gari la biashara lina namba nyeupe. La njano ni la mtu binafsi, na huyo ukimpoteza umempoteza.

Nzuguni Kwetu

@Suka wa IST mkuu umenifungua macho, hilo la mtungi lisingenijia hata kidogo. Swali: mimi ndiye ninayeagiza, dereva atanipigia mimi. Yeye nitampataje?

Suka wa IST

Hapo ndipo apu inaposumbua kwa mtu wa aina yake. Mnategemea Wi-Fi ya uwanja na WhatsApp, na ukaguzi wa TRA hauna saa. Mizigo mikubwa mitatu, wanaweza kusema fungua tuone. Anaweza kutoka baada ya dakika 40, anaweza kutoka baada ya saa moja na nusu. Dereva wa apu hatakungoja hivyo, na akikungoja anakuhesabia. Kusema kweli, japo najinyima riziki, kwa safari hii tafuta mtu wa kumsubiri mlangoni na kibao cha jina.

Bint Upanga

Mbona hakuna aliyetaja hoteli yenyewe? Kaka, pigia mapokezi. Hoteli nyingi za Kisutu na Mtaa wa Libya wana gari au wana dereva wao wa siku zote. Bei inaweza kuzidi ya apu lakini dereva anaingia hadi mlango wa wanaowasili akiwa na jina, na akimkosa anajulikana yuko wapi. Waulize gari gani, usikubali "tutatuma gari" ikaishia hapo.

Ukiwa nao kwenye simu uliza na lifti. Siyo kama ipo, uliza kama INAFANYA KAZI. Vijengo vingi vya Kisutu ni virefu na vyembamba, mapokezi ghorofa ya kwanza, na ngazi zake zimesimama wima. Nimeona mama mmoja amekaa kwenye sanduku lake pale chini barabarani akisubiri umeme urudi. Omba chumba cha chini, na omba kijana wa kubeba, umwachie chochote.

Jingine, usiku huohuo asipandishe masanduku yote. Hoteli wana chumba cha kutunza mizigo chini. Aandikiwe karatasi, apande na begi la mkononi na nguo za kulalia.

Mzee wa Gerezani

Nakazia hapo kwa binti. Naongeza la njia.

Saa kumi na moja jioni magari mengi yanatoka mjini kwenda Gongo la Mboto, yeye anaingia, kwa hiyo ana nafuu. Tangu daraja la Mfugale lifunguliwe 2018, TAZARA siyo tena ile mnayoikumbuka ya kula mahindi ya kuchoma mara mbili kabla hamjavuka. Kinachokula muda sasa ni kuanzia Kamata kuingia Gerezani, halafu vijia vya Kisutu vyenyewe, njia moja moja, gari zimeegeshwa pande zote. Njia ikiwa nyeupe ni nusu saa. Siku mbaya ni saa moja na nusu, na msafara wa kiongozi ukipita hapo usihesabu.

Mwambie dereva asikubali kumshushia kona ya mbali eti "hoteli ndiyo ile pale". Gari isimame mlangoni, hata wapige honi nyuma.

Kipawa Mwisho wa Lami

Kwani lazima aingie mjini? Alale huku huku kwetu, gesti nzuri zipo, asubuhi anapandia SGR Pugu. Anakwepa Kisutu na lifti zake.

Bint Upanga

@Kipawa Mwisho wa Lami si kila treni inasimama Pugu, na tiketi yake inasema apandie wapi? Huyo ni mtu mzima na mizigo, msimchezeshe. Kutoka Kisutu hadi Stesheni ya Magufuli ni jirani, dakika chache kwa gari asubuhi.

Nzuguni Kwetu

Tiketi inasema Dar. Treni ya saa moja na nusu asubuhi.

Bint Upanga

Basi saa kumi na moja na nusu awe ameshatoka hotelini. Pale wanakagua mizigo kwa mashine kama uwanja wa ndege, na wanataka kitambulisho kile kile kilichokata tiketi. Kama ulikata kwa pasipoti yake, pasipoti iwe mkononi, isiwe chini ya sanduku la pili. Na usome masharti ya mzigo ya TRC, treni siyo lori. Kilo 69 na hilo boksi lako huenda zikazidi. Sanduku moja tuma kwa basi la Dodoma, linapokelewa kama kifurushi, wewe unalichukua stendi huko.

Mchungu wa Ndimu

Amwambie mama asije na mifuko ya plastiki tu, hiyo marufuku toka Juni 2019. Wangu mimi alikuja na halua kwenye rambo tatu, wakamhamishia kwenye mfuko wa kaki mbele za watu.

Nzuguni Kwetu

MREJESHO.

Wakuu, mama kafika, sasa hivi yupo sebuleni ananisimanga kuhusu unene wangu.

Nilipigia hoteli. Mara ya kwanza wakasema "tutatuma gari", nikauliza gari gani, kimya, kisha "IST". Nikauliza mtungi. Yule dada wa mapokezi akacheka, akasema subiri. Akarudi na dereva mwenye Noah, 45,000 pamoja na maegesho na kumngoja bila kuhesabu saa. Nililipa nusu kwa simu, nusu mama akamalizia mlangoni.

TRA walimfungulisha sanduku moja na lile boksi. Boksi "lisilo kubwa" lilikuwa na jiko la wali la umeme na blanketi mbili. Akatoka nje saa kumi na mbili kasoro. Dereva alikuwa palepale na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu. Kisutu walifika saa moja kasoro, Gerezani ndipo walipokaa.

Lifti ilikuwa inafanya kazi ila inaingia watu watatu wembamba. Masanduku mawili yakabaki chini kwa karatasi. Moja limekuja kwa basi, limefika siku moja naye, gharama ndogo kuliko nilivyofikiri. @Suka wa IST nakudai soda, au wewe unanidai, sijui.

Suka wa IST

Unanidai wewe nini? Nimekupeleka kwa mtu mwingine bure. Nitumie hiyo halua.

Tabata Relini

Samahani kwa kuchelewa uzini. Baba yangu anatua saa nane usiku wiki ijayo na mizigo ya aina hiyo hiyo, anakwenda Mtaa wa Jamhuri. Nayo nipigie hoteli?

Bint Upanga

Ndiyo, na uulize kama mapokezi wapo macho saa hizo. Usiku barabara ni nyeupe, nusu saa haifiki. Ila mlango wa hoteli ukiwa umefungwa na mlinzi amelala, huyo wa Noah atashusha mizigo na kuondoka. Mwambie dereva asiondoke mpaka mlango ufunguliwe, na hilo liwe kwenye bei.